Umepiga Windows Upya na Mafaili Yamegoma Kufunguka? Soma Hapa Kabla Hujafomati



Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya mbegu. Naandika kuhusu laptopu, kwa sababu swali hili limenifikia mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Mtu ana laptopu imekuwa nzito. Anaipeleka mjini Arusha, fundi anapiga Windows upya, laptopu inarudi ikiwa nyepesi kama mpya. Akifika nyumbani anatafuta mafaili yake ya zamani. Anayaona, majina yapo, ukubwa upo. Akibofya, kompyuta inamwambia hana ruhusa.

Kwa nini sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma za kawaida kwa Windows 10, na laptopu nyingi za huku kwetu zilikuwa na Windows hiyo. Watu wengi wamehamia Windows 11 au wamepiga upya ile ile waliyokuwa nayo. Kazi hiyo kwa fundi ni ya kila siku, anaimaliza kwa saa moja au mbili. Kwa mwenye laptopu ndipo maswali yanapoanza.

Mimi ni afisa ugani, si fundi wa kompyuta. Lakini wewe mwenyewe unajua, kijijini bwana shamba akionekana na laptopu anaitwa kwa kila kitu chenye waya. Haya ninayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu, kwenye laptopu za watu wa kata yangu, wao wakiwa wamekaa pembeni wanaangalia.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: mafaili yanayogoma kufunguka hayajafungwa yote kwa kufuli moja. Kuna kufuli unaloweza kulifungua mwenyewe kwa dakika 15 bila kulipa hata shilingi. Na kuna kufuli ambalo hakuna fundi wa Arusha, Dar es Salaam wala Marekani atakayelifungua kama ufunguo wake umepotea. Kwa macho yanafanana. Ukishindwa kuyatofautisha, unaweza kufuta mafaili ambayo yangefunguka, au kumlipa mtu pesa kwa kazi isiyowezekana.

Ndani ya hayo mafaili kuna nini?

Usiseme "ni kompyuta tu". Katibu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, kijiji cha juu ya Tengeru, aliniita mwezi wa Novemba. Kikundi chao kinagawana kila Desemba. Hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii, vyote alikuwa ameviweka kwenye Excel, ndani ya folda iliyokuwa sehemu ya D ya diski. Fundi alipiga Windows kwenye sehemu ya C na hakuigusa D, kama alivyoagizwa. Folda ilikuwepo. Haikufunguka.

Alichoniambia sikukisahau: "Bwana shamba, Desemba wakinigeukia, mimi nitawaonyesha nini?"

Mwaka mzima wanawake na wanaume wale walikuwa wametoa hela za ndizi, za maziwa na za mbogamboga, wiki hadi wiki. Yeye ndiye aliyeaminiwa kuandika. Tayari kwenye kikao kimoja mtu alikuwa ameuliza kwa utani iwapo kompyuta "imekula" hela. Utani wa namna hiyo ukirudiwa mara tatu unakuwa tuhuma. Kwa hiyo ukisoma hatua ninazozieleza hapa chini, elewa kwamba nyuma ya faili kuna jina la mtu.

Kwanza kabisa, acha kugusa

Ukiona mafaili yamegoma, fanya kama unavyofanya ng'ombe akianguka ghafla: usianze kumchoma kila dawa iliyo karibu.

Usifomati diski hata kama kompyuta inakushauri hivyo. Usipige Windows mara ya pili ukidhani itarekebisha. Usifute folda yoyote inayoitwa Windows.old. Usishushe kutoka intaneti programu inayojisifu kwamba inafungua mafaili yote. Nyingine ni virusi vinavyokuja kukufungia hata yale yaliyobaki wazi.

Kama fundi alikubadilishia diski, akakuwekea mpya ya SSD, mdai ile ya zamani leo hii, kabla hajaiuza au hajaitumia kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Diski hiyo inaweza kuwa na kila kitu unachokitafuta, na utaona sababu yake mbele.

Baada ya hapo, jua ni kufuli gani.

Kufuli la kwanza: la umiliki

Hili ndilo linalowapata wengi, na ndilo rahisi.

Windows haikutambui kwa jina lako. Inakutambua kwa namba ndefu inayoipa kila akaunti, namba inayoanza na S-1-5. Ukitengeneza folda, Windows inaandika kwamba mwenye folda ni namba fulani. Fundi akipiga Windows upya na kukutengenezea akaunti, hata akiandika jina lile lile kwa herufi zile zile, namba inakuwa nyingine.

Hapa Meru hili ni rahisi kulielewa. Siku ya gulio simama katikati ya soko la Tengeru uite "Kaaya!" Watageuka watu wengi. Ita "Pallangyo!" Watageuka wengine wengi. Ukoo ni mmoja, jina ni moja, lakini kinachowatofautisha kwenye karatasi za serikali ni namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Windows mpya inakuona wewe ni Kaaya mwingine. Inasema: folda hii ni ya Kaaya yule, wewe sikujui.

Dawa yake ni kuhamisha umiliki kwenda kwenye akaunti yako mpya. Ni sawa na shamba la marehemu. Halikupotea, bali linasubiri mirathi ifanyike.

Wakati mwingine ni rahisi zaidi ya hapo. Ukibofya folda, kinatokea kidirisha chenye kitufe kilichoandikwa Continue. Kibofye, usubiri, na folda inafunguka. Kama hakitokei au kinakataa, fuata hatua hizi:

1. Ingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya msimamizi, ile yenye uwezo wa kuweka programu mpya.
2. Weka mshale juu ya folda iliyogoma, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties.
3. Bofya Security, kisha Advanced.
4. Juu utaona neno Owner. Mbele yake kutakuwa na namba ndefu, au maneno kwamba mmiliki hawezi kuonyeshwa. Bofya Change.
5. Andika jina la akaunti yako ya sasa, bofya Check Names. Jina likikubalika litapigiwa mstari. Bofya OK.
6. Weka tiki kwenye kisanduku cha "Replace owner on subcontainers and objects", ili umiliki uende mpaka kwenye mafaili yaliyo ndani. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa folda imefunguka ila mafaili yamegoma.
7. Bofya OK, funga madirisha yote.
8. Rudi tena Properties, Security, bofya Edit, kisha Add. Andika jina lako, weka tiki kwenye Full control, bofya OK.

Kama mafaili ni mengi, fundi mwenye uelewa atafanya kazi hiyo hiyo kwa amri mbili kwenye dirisha jeusi la Command Prompt, alilolifungua kama msimamizi. Kwa mfano, folda ikiwa inaitwa Kikundi na iko D, na akaunti yako inaitwa katibu:

takeown /F "D:\Kikundi" /R /D Y
icacls "D:\Kikundi" /grant katibu:F /T

Amri ya kwanza inachukua umiliki, ya pili inatoa ruhusa. Mwachie nafasi afanye, lakini sasa unajua anafanya nini.

Tahadhari mbili. Usifanye hivi kwenye sehemu ya C nzima, wala kwenye folda za Windows na Program Files. Fanya kwenye folda yako tu, la sivyo utaharibu ulinzi wa kompyuta yenyewe. Na kama laptopu ni ya kikundi, ya AMCOS au ya ofisi, fanya mbele ya mwenyekiti na mhasibu. Kuingia kwenye taarifa za mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama ulijua namna ya kuingia.

Yule katibu wa juu ya Tengeru kufuli lake lilikuwa hili. Folda ilifunguka kabla chai haijapoa. Nilitegemea atashangilia. Badala yake alimpigia simu mhasibu aje na daftari, wakakaa pale pale, yeye akisoma hisa za mwanachama mmoja mmoja kwa sauti na mhasibu akiandika kwa kalamu. Sikuondoka mpaka walipofika jina la mwisho.

Kuna somo lingine hapa. Kama wewe umeweza kufungua kwa hatua nane, mwizi wa laptopu naye anaweza. Neno la siri unaloandika ukiwasha kompyuta linamzuia mtoto wa jirani, halimzuii mtu aliyechomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Ndiyo maana kukawa na makufuli mawili yanayofuata.

Kufuli la pili: maandishi yaliyovurugwa

Tangu Windows 2000 kuna njia ya kusimba faili. Kusimba ni kuvuruga maandishi kwa hesabu maalumu, kiasi kwamba bila ufunguo yanabaki takataka. Unafika Properties ya folda, unabofya Advanced kwenye ukurasa wa kwanza, unaweka tiki kwenye "Encrypt contents to secure data". Ni tiki moja tu. Ukiwa ndani ya akaunti yako huoni tofauti yoyote, faili linafunguka kama kawaida. Wengi huweka tiki hiyo na kusahau.

Tiki hii haipo kwenye Windows za kiwango cha Home, ipo kwenye Pro. Sasa angalia laptopu za mtumba zinazouzwa mjini: nyingi ni zile zilizokuwa za maofisi ya nje, kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, na mara nyingi zinakuja na Pro. Kwa hiyo tiki hiyo iko wazi mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuelezwa inafanya nini.

Ufunguo wa kufuli hili umewekwa ndani ya akaunti yako ya zamani, kwenye sehemu ya C, na umelindwa kwa neno la siri la akaunti hiyo. Fundi akifomati C, ameuyeyusha ufunguo. Sanduku limebaki D, zima kabisa, halina mwanya.

Utalitambuaje? Bofya kitufe cha kulia kwenye faili lililogoma, nenda Properties, kisha Advanced ya ukurasa wa kwanza. Kama kuna tiki kwenye Encrypt, ni kufuli hili. Kwenye Windows 10 na 11 utaona pia alama ndogo ya kufuli kwenye picha ya faili, na kwenye Windows za zamani jina la faili lilikuwa la kijani. Dalili nyingine: umefanya zile hatua nane, umekuwa mmiliki, lakini faili bado linakataa. Umepewa hati ya shamba, ila nyumba iliyo ndani ya shamba bado imefungwa.

Hili lilimpata mwenye duka la pembejeo pale Ngaramtoni. Alikuwa na orodha ya wakulima zaidi ya 30 waliokopa mbegu na dawa kwa makubaliano ya kulipa wakivuna. Mpwa wake, kwa nia njema, aliisimba folda ya madeni ili vijana wa dukani wasisome. Miezi ikapita, laptopu ikaenda kwa fundi, C ikafomatiwa. Fundi wa kwanza alihamisha umiliki, haikusaidia. Mtu mwingine akamwomba laki mbili avunje kufuli.

Nilimwambia asitoe. Usimbaji huu hauvunjwi kwa kubahatisha, na anayekuahidi hivyo bila kukuuliza ufunguo au neno lako la siri la zamani anakula hela yako. Tulichofanya ni kutafuta ufunguo mahali unapoweza kuwa. Nawe tafuta kwa mpangilio huu:

Moja, diski ya zamani. Kama fundi alikubadilishia diski na ile ya zamani haijafutwa, irudishwe kwenye laptopu, iwashwe, uingie kwa neno lako la siri la zamani. Mafaili yaliyobaki humo yatafunguka. Ondoa tiki ya Encrypt, nakili kwenye flashi, kazi imekwisha. Kama mafaili yako kwenye diski nyingine, chukua ufunguo kwa njia nitakayoieleza.

Mbili, folda ya Windows.old. Kama fundi alipiga Windows bila kufomati C, akaunti yako ya zamani imehifadhiwa humo, na ufunguo nao. Ukikumbuka neno lako la siri la zamani, fundi mwenye programu maalumu ya kazi hiyo anaweza kuutoa. Lakini harakisha: Windows inaweza kuifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku 10.

Tatu, faili lenye jina linaloishia na .pfx. Hiyo ni nakala ya ufunguo. Mtu anaposimba kwa mara ya kwanza, Windows humkumbusha kuihifadhi. Pekua flashi zote, pekua barua pepe. Ukiipata, ibofye mara mbili, andika neno la siri lililowekwa wakati wa kuihifadhi, endelea mpaka mwisho. Mafaili yatafunguka kwenye Windows mpya.

Nne, nakala iliyotoka nje. Ukilituma faili kwa WhatsApp au barua pepe wakati ufunguo ulipokuwepo, nakala iliyokwenda haina kufuli. Waulize uliowahi kuwatumia.

Kwa yule wa Ngaramtoni, diski ilikuwa ile ile, C ilikuwa imefomatiwa, .pfx haikuwepo. Kilichopatikana ni nakala ya zamani aliyowahi kumtumia mkewe kwa WhatsApp, yenye nusu ya majina. Majina mengine aliyatafuta kwenye vipande vya stakabadhi na kwenye ujumbe wa malipo ya simu. Kisha akaenda kwa wakulima mmoja mmoja. Wengi walimtajia deni lao wenyewe bila kupunguza, na hilo lilimtia moyo. Wachache walisema walishalipa, naye hakuwa na karatasi ya kuwajibu. Msimu uliofuata alikopesha watu wachache zaidi. Kwa hiyo tiki ile moja iliwagusa hata wakulima ambao hawakuwahi kuiona laptopu yake.

Jambo moja zaidi juu ya kufuli hili: hata bila kupiga Windows upya unaweza kujifungia nje. Ukilibadilisha neno la siri mwenyewe, ukiwa umeingia na unalijua la zamani, hakuna tatizo. Lakini ukilisahau, fundi akalifuta kwa nguvu kwa flashi yake, ufunguo unaweza kukataa kufunguka. Kama una mafaili yaliyosimbwa, mwambie fundi kabla hajagusa neno la siri.

Kufuli la tatu: diski nzima

Hili linaitwa BitLocker, na kwenye laptopu nyingine linaitwa Device encryption. Halifungi faili moja, linafunga sehemu nzima ya diski. Utalitambua kwa urahisi: ukifungua This PC unaona picha ya kufuli kwenye D, au ukiwasha laptopu unakuta kioo cha buluu kinachodai ufunguo.

Ufunguo wake ni namba yenye tarakimu 48, zilizopangwa makundi manane ya tarakimu sita sita. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2 na kuendelea, laptopu nyingi zikipigwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, kufuli hili linajiwasha lenyewe. Mwenye laptopu hajui. Siku nyingine anapiga Windows tena, D inagoma.

Habari njema ni kwamba likijiwasha kwa njia hiyo, ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika. Chukua simu, fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia kwa barua pepe hiyo. Utaona namba moja au zaidi. Linganisha herufi za mwanzo za Key ID zilizo kwenye kioo cha laptopu na zilizo kwenye orodha, kisha andika namba inayolingana.

Habari mbaya ni ya huku kwetu hasa: akaunti hiyo ilitengenezwa na nani? Mara nyingi mteja hana barua pepe au hakumbuki neno la siri, basi fundi anatumia ya kwake ili amalize haraka. Ufunguo wa laptopu yako sasa uko kwa fundi. Akibadili biashara, akihama mji, akipoteza simu, ufunguo umekwenda naye. Kwa hiyo ukienda kuchukua laptopu, uliza: "Umeingia kwa barua pepe ya nani?" Kama si yako, ibadilishwe pale pale kabla hujalipa.

Namba hiyo ikikosekana kote, hali ni kama ya kufuli la pili. Diski unaweza kuifomati na kuitumia tena, lakini yaliyomo yamekwenda.

Nitaje na neno la siri la Excel yenyewe, lile linalodaiwa ukifungua faili. Hilo halihusiani na Windows. Linasafiri na faili popote, na neno lile lile la zamani litalifungua.

Na simu je?

Wengi wenu hamna laptopu, mna simu janja, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Simu za Android za siku hizi zinasimba kila kitu kilichomo ndani. Ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, funguo zinafutwa, na picha na kumbukumbu zilizokuwa ndani ya simu hazirudi isipokuwa ulikuwa na nakala nje. Kama memori kadi uliiunganisha iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, nayo imesimbwa kwa simu ile tu. Baada ya kufuta simu, kadi haisomeki kokote.

Kufuli la Google nalo lipo tangu Android 5.1. Ukifuta simu, inaweza kukudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Kama akaunti hiyo alikutengenezea muuza simu, tatizo ni lile lile la fundi wa laptopu. Na kama nakala ya WhatsApp uliiwekea ulinzi wa neno la siri, andika neno hilo kwenye karatasi. Ukilisahau, na simu yenye WhatsApp hiyo huna tena, nakala ile haitafunguka.

Kabla hujampa fundi laptopu

Mtu akisoma haya anaweza kusema basi bora nisifunge chochote. Hapana. Daftari la kikundi lina namba za simu za watu, namba za NIDA, madeni ya nyumba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za watu zitunzwe kwa uangalifu. Funga, lakini tunza ufunguo. Fanya haya:

1. Nakili mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje, kisha ifungue flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka. Nakala ambayo hujaijaribu usiihesabu.
2. Angalia kama kuna mafaili yenye tiki ya Encrypt. Kama yapo, ondoa tiki kabla ya kupiga Windows. Ukitaka kubaki nayo, hifadhi ufunguo: tafuta certmgr.msc kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Personal, kisha Certificates, bofya kitufe cha kulia kwenye cheti cha Encrypting File System, chagua All Tasks, kisha Export, kubali kutoa na private key, weka neno la siri, hifadhi kwenye flashi.
3. Angalia kama BitLocker au Device encryption imewashwa. Kama imewashwa, andika zile tarakimu 48 kwenye karatasi. Usizihifadhi kwenye laptopu hiyo hiyo, ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba.
4. Mwambie fundi kwa maneno: "Usifomati D, na usitupe diski yangu." Kama ni laptopu ya kikundi, andikeni kwenye karatasi, asaini.
5. Hakikisha akaunti ya Microsoft ni yako, kwa barua pepe na namba ya simu yako.
6. Kila mwisho wa mwezi chapisha ukurasa wa hisa na madeni, au uandike kwa mkono, na wasaini watu wawili.

Hiyo ya sita haihitaji umeme wala fundi. Kikundi cha juu ya Tengeru sasa kinaifanya kila kikao cha mwisho wa mwezi, na karatasi inakaa kwa mwanachama ambaye si kiongozi. Desemba ile waligawana kwa tarehe waliyopanga.

Kama mafaili yako yamegoma sasa hivi na hujui ni kufuli gani, usifanye kitu. Zima laptopu, ije nayo mwenye mali mwenyewe, pamoja na flashi zote za zamani na neno la siri analolikumbuka. Siku nisipokuwa shambani napatikana ofisi ya kata asubuhi.